Kukitoa Chumvi Kisima cha Baba

Jumamosi, 2 Machi

Nimeileta kwa Mama mashine yetu ya kutoa chumvi majini. Miezi yote ile maabarani tunapaka kaboni kwenye sahani, na leo imekaa jikoni, pale pale ulipokuwa mtungi wetu!

Kisima alichochimba Baba kimezidi chumvi, na daktari kamkataza Mama maji yake – presha. Anakunywa ya chupa, huku ananuna. Kaka kashasema: presha isiposhuka, anamhamishia kwake ghorofani, nyumba inauzwa. Nyumba hii! Humu tumezaliwa, humu Baba kafia.

Mama kauliza moto unawashwa wapi. Nikamwambia haichemshi. Maji yanapita katikati ya sahani mbili, umeme kiduchu wa sola unaivuta chumvi, inanasa kwenye vitundu vya kaboni visivyoonekana kwa macho. Sahani zikishiba, umeme unageuzwa, zinaitema chumvi kwa bomba la pili. Mama: kumbe inanyonya na kucheua, kama mimi nilipokuwa mchanga. Haya.

Jumatano, 6 Machi

Mita inasema maji safi kabisa. Mama kaonja, kakunja uso – maji gani haya, hayana hata salamu! Nimecheka. Chai ya utotoni ilikuwa na kachumvi kwa mbali. Nimeikumbuka.

Alhamisi, 14 Machi

Nesi kapima. Presha imepanda!! Nimefungua mashine yote, sahani moja moja. Nzima. Sielewi.

Jumapili, 17 Machi

Nimemfuma Mama. Kaweka ndoo chini ya bomba la kucheulia! Anachota humo, anachanganya na maji safi, anaonja, anaongeza kidogo, anaonja tena – mpaka yanakuwa ya kisima. Ya zamani, kabla hakijaharibika.

Nimefoka: Mama, unajiua! Kajibu kwa upole kwamba tangu Baba afariki hakuwahi kuyapata tena maji yale, mpaka nilipomletea mashine. Kanishukuru, jamani. Kanishukuru!

Kisha kanimiminia chai. Ni yenyewe. Nimemwona Baba anaingia na udongo magotini, anauliza nani kammalizia sukari. Nimelia kama mtoto, na kikombe nimekimaliza.

Naandika haya nimejifungia chumbani. Kaka kafika, anauliza kwa sauti kama mashine inafanya kazi. Nimeitikia naja. Siji. Nikisema kweli, Mama anahama. Nikinyamaza –

Namsikia Mama anamkaribisha, anamwambia akae kwanza, anywe chai. Anamimina.

Namsikia Kaka anapiga funda, kisha anauliza taratibu: Mama, si hii chai ya enzi za Baba?