Gari Lilijua Funguo Mbili

Laeken, Brussels

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limekubali tena kupanda ngazi bila kulalamika, na ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi mke wa Kaka imekufikia na haikuishia kwake. Mimi mzima. Mvua ya huku ni ile ile, nyembamba, haina mwanzo wala mwisho.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu habari hii imeshapita kwa mdogo wangu Zuhura, na habari ikipita kwa Zuhura hunenepa. Amekwambia nimenunua gari la maiti, na maiti mwenyewe analifuata. Nawe ukaagiza niliuze, au walau nichome ubani ndani yake. Sasa pokea habari yenyewe kama ninavyozisoma redioni: niliyoyaona, niliyoyasikia, na pale nilipoelewa vibaya.

Gari nililikuta mtaani kwangu, karatasi dirishani ikisema linauzwa. Mwuzaji alikuwa mwanamke wa Kibelgiji, mtu mzima, jina lake Godelieve. Aliposikia natoka Tanga aliacha Kifaransa akaingia kwenye Kiswahili cha Bukavu, alikozaliwa wakati baba yake akifundisha shule huko. Nikamwuliza gari lilikuwa la nani.

"Ya papa," akasema. "Papa alienda mu nyumba ya kupumzika."

Mama, wewe ungesikia nini hapo? Nilimpa mkono, nikamwambia pole sana.

"Asante. Kule iko muzuri. Kimya, maua mingi. Naendaka kumuona kila dimanche."

Nikamwona kichwani mwangu akiweka maua juu ya kaburi kila Jumapili. Alinipa ufunguo mmoja. Wa pili, alisema, waliutafuta nyumba nzima wasiuone.

Unajua kazi yangu huanza alasiri. Mpaka hapo gari hubaki limeegeshwa pale pale nilipolinunua. Siku chache baadaye niliingia nikagonga magoti kwenye usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, na kioo cha kati kimeshushwa kwa ajili ya mtu mfupi kuliko mimi. Milango ilikuwa imefungwa, na hakuna kitasa kilichochokonolewa. Nikarudisha kiti. Siku nyingine vioo vilikuwa na ukungu kwa ndani, kama mtu amekaa humo muda mrefu akipumua, nao mtaa mzima ulikuwa mkavu. Nilivifuta kwa kiganja. Halafu nikageuka nyuma, nikaona mkanda wa kiti cha nyuma umevutwa na kufungwa, umekaa vizuri juu ya kiti kisicho na mtu.

Nilisoma namba ya kilomita. Gari lilikuwa halijaenda popote. Mtu alikuwa anaingia, anakaa, anapumua, anatoka na kufunga mlango. Hapo ndipo nilipompigia Zuhura.

Juma lililopita, mchana, ufunguo wangu ulikatikia mlangoni. Kichwa kikabaki mkononi, meno yakabaki ndani ya kitasa. Niliita fundi wa funguo anayekuja na gari lake. Akaja mwanamume wa Bukavu mwenye mvi kidogo, huku wanamwita Tonton Bahati, yaani Mjomba Bahati. Mashine ya kuchongea iko nyuma ya gari lake, na redio yake ilikuwa inaimba Kilingala.

"Usiogope, maman," akasema. "Fungulo itatoka. Hata mwiba inatokaka."

Alikitoa kile kipande kwa vijivyuma vyembamba kama vya daktari wa meno. Akachonga ufunguo mpya, akakaa kiti cha abiria, mimi kwenye usukani. Alichomeka chombo chake chini ya dashibodi ili kuufundisha ufunguo mpya, maana magari ya siku hizi hayawaki mpaka yautambue ufunguo wenyewe, si meno yake tu. Akatazama kioo cha chombo chake.

"Maman, gari yako inajua fungulo deux. Ile ingine iko wapi?"

"Nilipewa mmoja tu. Wa pili ulipotea. Mwenyewe amekufa."

"Alors kuko muntu mwenye iko nayo," akasema. Ufunguo mpya ukawasha gari; akalizima, akauchomoa ili anionyeshe alivyouchonga.

Milango yote minne ikajifunga. Klak. Taa zikawaka mara moja. Kisha ikajifungua. Klak. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Tonton, na ule haukuwa na kitufe hata kimoja.

"Sikugusa kitu," akanong'ona.

Mbele ya gari, katikati ya mvua, alisimama mzee mfupi wa Kizungu mwenye koti lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mkono mmoja ameunyoosha kutuelekea. Mama, sikupiga kelele. Nilitazama miguu yake kwanza, kama ulivyotufundisha utotoni, nione kama ni kwato. Alivaa ndara za manyoya za ndani ya nyumba, zimelowa chepechepe.

Alizunguka akaja dirishani kwangu. "Mama," akasema kwa Kiswahili, "uko mu kiti yangu."

"Samahani, mzee. Unatoka wapi?"

"Natoka mu nyumba ya kupumzika."

Nikaanza kusoma dua. Kilichonikatiza ni kicheko cha Tonton, amejishika kwenye dashibodi asianguke.

"Maison de repos, maman! Pale ku kona ya barabara, nyumba kwenye banalindaka bazee! Weye ulifikiri nini?"

"Nilifikiri kaburi."

"Eh, Watanzania! Kiswahili yenu inazika bantu wazima!"

Mzee hakucheka. "Godelieve anatoka masomo sasa," akasema. "Kila siku namungojeaka hapa. Leo tunashuka ku lac. Nilimwahidi."

Ziwa analolisema liko Bukavu, na binti anayemngoja ana mvi. Lakini ufunguo wa pili, aliokuwa ameushika mkononi, ulikuwa unawasha gari, na mwisho wa mtaa wetu kuna shule ya watoto ambao nao walikuwa karibu kutoka.

"Maman, uamue," akasema Tonton, polepole sasa. "Nikifuta fungulo yake, moteur haitamujua tena. Nisipofuta, siku moja atashuka kweli."

Nilimpigia simu Godelieve. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Futa. Lakini usimunyang'anye. Hii miaka tulimunyang'anya vitu yote."

"Ukiufuta, mlango je?" nikamwuliza Tonton.

"Chuma ni chuma. Kitufe itakufa, moteur itakataa. Mulango itafunguka na mukono."

"Basi futa."

Alipomaliza tukatoka nje, nikafunga mlango kwa ufunguo mpya. Mzee akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena, akanitazama usoni kama mtu aliyeamkia nyumba ya wenyewe. Nikamwonyesha tundu la ufunguo. Akauingiza, akauzungusha, mlango ukafunguka. Akakaa, akavuta kiti mbele, akashusha kioo. Kisha akajipinda kwa taabu, akavuta mkanda wa nyuma na kuufunga juu ya kiti kitupu, kama anayemfunga mtoto. Tukasimama chini ya mwavuli wa Tonton tukatazama vioo vikishika ukungu mpaka sura yake ikapotea ndani.

Baadaye tukasikia ufunguo ukizungushwa. Gari halikuitika.

"Haitaki," sauti ikasema kutoka ndani. Halafu, "Kesho, basi."

Tukamsindikiza hadi kwenye geti la nyumba ya wazee. Mhudumu akatuambia wanamruhusu matembezi baada ya chakula cha mchana, na hajawahi kukosa kahawa ya alasiri.

Kwa hiyo, Mama, gari siuzi, na ubani nitauchoma nyumbani kwa ajili ya harufu yake. Mwambie Zuhura maiti ni mzima. Umsalimie Kaka na mkewe, shangazi anayekaa nawe, na jirani yetu mshonaji ambaye bado ana vitenge vyangu. Goti usililazimishe.

Kiti bado nakikuta mbele, nami nakirudisha, nafuta vioo, nafungua mkanda, nakwenda kazini. Jana nilikuwa nimechelewa, mkanda nikauacha ulivyo. Kila kona mpaka kazini Anderlecht niliusikia ukikaza nyuma yangu na kulegea, kama unavyofanya ukiwa umefunga mtu. Sikugeuka kutazama.

Mwanao,
Mwanaidi