Walionipeleka Uwanjani

Weston, Toronto
20 Septemba 2015

Mpendwa Dada Dorotea,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na shemeji na watoto. Mimi sijambo, ila baridi imeshaanza kubisha hodi, nami sina tena umri wa kubishana nayo.

Habari za Mama? Nilipopiga simu mara ya mwisho sauti yake ilikuwa mbali, nawe ukampokonya simu haraka mno. Likizo yangu ni ya Krismasi, lakini nikiomba ruhusa naweza kuondoka hata wiki hii. Niambie ukweli, nije au nisubiri? Sitaki nifike nikute watu wameshatawanyika, kama nilivyofika kwenye msiba wa Baba. Lile sijalisamehe mpaka leo, na sijui hata namnunia nani.

La pili, usinicheke. Timu yetu ya besiboli inaelekea kuingia mtoano. Tangu nije huku mwaka 2003 nimeishangilia ikichapwa tu, na wenyeji wamengoja zaidi ya miaka ishirini. Rogers, yule wa Mbinga tunayefanya naye kazi ofisi ya mizigo pale uwanja wa ndege, anasema nimerogwa na wazungu. Mwache aseme.

Msalimie sana Mama.

Mdogo wako,
Januari

*

Songea
4 Oktoba 2015

Mdogo wangu Januari,

Marahaba. Sisi tunaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Naandika barua pepe hii kwenye kompyuta ya ofisini, mwenyewe anaingoja, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Mama amelazwa. Nguvu zimepungua, lakini uji anakunywa na maneno yake ni yale yale. Jana kamgombeza nesi kwa kutandika shuka vibaya. Mwenyewe kakataza usisumbuliwe. Daktari naye anasema tusubiri tuone. Basi na wewe subiri likizo yako.

Usiwe unashtuka kila simu ikilia. Desturi yetu unaijua. Likitokea la kutokea, hatuwezi kukutupia neno zito kwenye simu ukiwa peke yako ghorofani, kama mtu asiye na kwao. Nitamwambia Rogers, wenzako watakuja, watakaa nawe, ndipo mkubwa wao atasema. Kama hujaona watu mlangoni, ujue huku ni heri.

Na huo mchezo wako wa magongo, sisi tunauombea tu.

Dada yako,
Dorotea

*

Toronto
15 Oktoba 2015

Dada yangu,

Shikamoo, na pole na kuuguza. Mimi mzima, sauti tu imekwisha. Jana nilikuwa uwanjani! Mchezo wa mwisho wa hatua hii ya mtoano, atakayefungwa anarudi kwao. Simu yako leo naona haipokelewi, kwa hiyo nakuandikia hapa kazini.

Juzi Rogers alikuja mezani kwangu akiwa na tiketi. Rogers, ambaye hajui hata gongo linashikwa upande gani. Akasema tunakwenda wengi. Kweli, tulipofika alikuwepo mkewe Jacqueline, na Mzee Sebastian, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kiswahili kanisani. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia mpaka tukaketi. Wakaniweka katikati. Jacqueline chini ya koti alikuwa amejifunga khanga. Nikamtania, mama, huku tumekuja kushangilia au kupika pilau? Hakucheka. Rogers akaniambia nizime simu ili nifaidi mchezo, nikaizima hadi leo asubuhi.

Dada, watu karibu elfu hamsini wakipiga kelele pamoja ndani ya jengo moja, saruji inatetemeka mpaka kwenye meno. Miaka yote nimekuwa nikishangilia mbele ya viti vitupu, nikajiona kama mtu aliyefungua kibanda chake asubuhi akakuta foleni. Lakini raundi ya saba kati ya tisa likatokea jambo ambalo sijapata kuliona. Mdakaji wetu alikuwa anamrudishia mrushaji mpira, jambo la kawaida kabisa, ukagonga gongo la mpinzani na kuviringika pembeni. Mwenzake akakimbia, wakahesabiwa bao. Watu wakageuka mbogo. Makopo na chupa zikaanza kuruka uwanjani, nyuma yetu mtoto analia, baba yake anatukana. Mchezo ukasimama. Wale niliokuwa nikiimba nao sasa nikawaogopa.

Hapo ndipo nilipokumbuka barua yako, kwamba wenzangu watakuja wakae nami. Niliwatazama hawa watu wangu watatu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama uwanjani. Walikuwa wananitazama mimi. Nikamuuliza Rogers, "Kuna habari ya nyumbani?" Akamwangalia Mzee. Mzee akasema, "Tumalize mpira kwanza, mwanangu."

Halafu kijana wetu akaupiga mpira ukapotelea jukwaani, na tukashinda, Dada! Nilimkumbatia Mhindi mmoja nisiyemjua, tukarukaruka kama watoto. Jacqueline alilia kweli kweli, na mchezo wenyewe haujui. Tulipotoka honi zilikuwa kila mtaa. Rogers akasema tupitie kwake Richmond Hill, wamepika. Nikakataa, nina zamu ya alfajiri. Wakasimama pale kandokando ya barabara wakiangaliana, kisha Rogers akasema, "Basi kesho." Wangekuwa na neno wangelisema, sivyo? Nimejipa moyo hivyo. Leo Rogers hajaja kazini.

Niandikie hata mstari mmoja, uniambie Mama ameamkaje.

Mdogo wako,
Januari

*

Songea
16 Oktoba 2015

Mdogo wangu Januari,

Pole sana, mwanangu. Pole. Sikuulizi hali, najua ulivyo. Barua yako nimeiona imeingia, sijaweza kuisoma, macho yamevimba.

Tumemlaza jana mchana, pembeni ya Baba. Alikwenda Jumanne, taratibu, mkono wake mkononi mwangu. Jioni ile ile nilimpigia Rogers, na kesho yake akanijibu kwamba wapo na wewe wote, na Mzee Sebastian yupo. Nikashukuru. Nikajua umeshaambiwa, na hukuambiwa ukiwa peke yako.

Usiku wa Jumatano wajomba waliuliza kama tukusubiri. Nikawaambia tungoje atakalosema mwenyewe. Simu yako haikupatikana, wewe hukupiga, basi wakaamua. Sikukasirika, Januari. Niliwaambia, mwacheni, analia na wenzake. Lakini uliniomba ukweli nikakuambia usubiri, na hilo nitakwenda nalo kaburini. Nilidhani siku bado zipo.

Dada yako,
Dorotea

*

Weston
16 Oktoba 2015

Dada,

Rogers hakuniambia. Nadhani aliniona nina furaha akashindwa, na Mzee naye akashindwa. Nimesoma barua yako sasa hivi, nimesimama jikoni na koti langu mwilini. Sina hasira na wewe. Mama mwenyewe ndiye aliyekataza nisisumbuliwe.

Nimechungulia dirishani. Magari yao yapo chini, watu wanashusha masufuria. Nimemwona Mzee anapandishwa ngazi za mlangoni kwa kushikwa mkono. Hawajui kuwa nimeshajua.

Sasa wanabisha hodi. Nakwenda kuwafungulia. Nitaketi katikati yao, nami nitawaacha waniambie.

Mdogo wako,
Januari