Wasiwasi Amepata Kwao

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nimesimama, maana siku hizi kukaa kumenishinda.

Yule mbwa wa kituoni kwetu, tunakotunza mbwa waliotupwa, tuliyempa jina Wasiwasi, amepata kwao. Kila aliyemchukua alimrudisha, kwa kuwa usiku kucha hulia na kukwaruza mlango. Ningemchukua mimi, lakini mwenye nyumba wangu hataki mbwa.

Juzi akaja fundi cherehani mmoja, mtu mzima, masikio yake yalishaziba. Nikamwandikia kwenye karatasi, "Huyu ana kelele." Akacheka mpaka machozi.

"Binti yangu, kelele zinanihusu nini?"

Akaketi sakafuni, akampa mbwa mgongo, akangoja. Wasiwasi alizunguka weee, mwisho akaja kumnusa kisogo. Mzee akampapasa mbavu taratibu.

"Anatetemeka kama cherehani yangu," akasema. "Tutazoeana."

Jana nilipita dukani kwake. Mbwa alikuwa amelalia miguu ya mzee, anakoroma. Nilifurahi, mama mdogo, halafu nikalia njia nzima mpaka watu wakanigeukia.

Mkweo ameondoka na nguo zake, na simu hapokei. Mama sijamwambia, presha yake unaijua. Usiku nazunguka vyumbani, nafungua mlango, naufunga tena.

Kile chumba chako cha nyuma kina mtu? Kama hakina, usihangaike kuniandikia. Nipigie tu, useme njoo.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wa dada yako