Uso wa Mwongoza Tembo

Jumatatu, 5 Rajabu 1060

Jana tulimzika Karamat, mvua ikinyesha. Mdogo wangu, tumbo moja. Leo msimamizi wa karakana ya wachoraji ametugawia kazi: picha ya msafara wa harusi ya mwana wa mfalme, ukurasa mzima. Mimi kupaka tembo, kama kawaida. Nyuso ni kazi ya Fundi Mirak.

Tembo wa mbele ni Badal. Badal yuleyule — katika msafara huohuo fataki zilimshtua, akamwangusha Karamat, mwongoza wake, kutoka mgongoni, akamkanyaga mbele ya umati. Nikauliza, na hilo tulichore? Msimamizi akanitazama kama mwendawazimu. Siku ile ilikuwa ya furaha tupu, akasema. Mpendezeshe.

Jumatano, 21 Rajabu

Tabaka la tatu la kijivu limekauka. Namchukia Badal, na mkono unampendezesha wenyewe. Miaka kumi na tisa ya kupaka tembo! Kila kunjo la sikio nalijua.

Karamat alikuwa akinitania, mdomo umejaa tambuu: "Kaka, tembo wako wote wana sura zao. Sisi tunaowaendesha umetufanya punje za dengu. Mimi utanichora lini?"

Nami nikimjibu, nyuso si kazi yangu, ngoja nimwombe Mirak. Sikumwomba. Niliona haya kumsumbua fundi mkubwa kwa ajili ya mwongoza tembo. Niliona haya kwa ndugu yangu mwenyewe. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumanne, 11 Shaabani

Leo nimemwomba ampe mwongoza wa Badal uso wa Karamat. Mirak hakucheka. Haya, akasema, kesho namaliza nyuso zote, picha iende kwa mfalme. Niambie alikuwaje.

Nikaanza. Paji pana. Kovu kwenye nyusi — ya kulia? Ya kushoto? Pua... Mirak akauliza, na tembo je? Nikamtajia madoa ya mkonga, pembe iliyokatika ncha, kila kitu, bila kumeza mate.

Nyumbani nikamuuliza Mama.

"Kushoto," akasema. "Si ulimrushia jiwe wewe mwenyewe? Umesahau?"

Kisha akalia. Sikumuuliza zaidi. Majuto ni mjukuu, na wangu keshafika.

Jumatano, 12 Shaabani

Nimempelekea Mirak kovu. Kovu peke yake si mtu, akasema. Akanikazia macho kwa muda.

"Si mlinyonya ziwa moja? Kaa hapo dirishani. Geuka, nione shavu la kushoto."

Nimekaa. Naandika haya gotini wakati anachanganya rangi. Brashi yake ni unywele mmoja wa kindi. Wenzangu wameacha kusaga rangi, wananitazama.

"Huyu anaongoza harusi, bwana," anasema Mirak, kwa upole. "Hawezi kuwa na uso huo. Tabasamu kidogo."

Nimejaribu mara mbili. Mirak anasubiri, brashi juu. Mawingu yanarudi, na mwanga unaondoka dirishani.