Kanda Kumi na Moja za Msellem

Mwaka umetimia, Msellem, tangu Alhamisi ile ya Mfunguo Tano ulipotuomba tukugeuze uelekee dirishani. Tukakugeuza, na wewe ukawa umeshaondoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tungeandika kama wanavyoandika wenzetu katika matangazo ya kumbukumbu, kwamba ulikuwa mpole na mcheshi, tukaishia hapo. Mpole ulikuwa kweli. Lakini kuna jambo mkeo Mwanapili amelifanya, na ameona haya kukusomea dua ya mwaka nalo limo kifuani. Basi kalamu kaishika yeye, na sisi wengine tumekaa naye mkekani.

Kibanda chako cha kutengeneza redio pale Jadida kimefunguliwa mara moja tu mwaka huu. Watu wakipita huuliza. Hakuna mzee Wete aliyeingia Ramadhani redio yake imekufa, maana wiki ya mwisho ya Shaabani ulikuwa ukiwapitia majumbani, bisibisi mfukoni, ili wasikose adhana ya futari. Ukipewa chai umelipwa. Ukila, vidole vyako hupiga sinia mpaka mama yako akwambie, "Msellem, chakula si ngoma." Siku za mechi ulikwenda Gombani, ukarudi hujui nani kafunga. Ulisema umekwenda kusikiliza kelele za watu wengi.

Hayo tuliyajua. Ya nyuma yake hatukutaka kuyajua. Ulikwenda Dar es Salaam una miaka kumi na tisa, ukapiga gitaa katika bendi ya panki, miziki ile ya mbio na mayowe, na jina la bendi yenyewe mkeo hakulitamka mbele ya watu miaka yote ishirini na mitatu ya ndoa. Unga ukakuingia. Dada yako Hija ndiye aliyekufuata. Alikurudisha Pemba ukiwa mifupa mitupu, gitaa umeshaliuza, mkononi una kopo la biskuti lenye kanda kumi na moja. Ukajifungia chumbani, ukatapika, ukatetemeka, ukapona. Hukuugusa tena. Msikitini ulisali safu ya nyuma, na mtu akikusogeza mbele ulirudi.

Mkeo alikubali posa yako akiyajua hayo, na alikuheshimu. Lakini kopo lile alilionea haya. Wageni wakija hulitupia khanga. Siku moja, Khairat bado ananyonya, ulimwambia, "Mwanapili, nikuwekee moja tu? Fupi."

Akakujibu, "Niondolee uchafu huo, mtoto asije akausikia."

Ulicheka, ukalirudisha kopo juu ya kabati. Hukuomba tena.

Ulipokufa hofu ikamwingia. Alifunzwa chuoni kwamba mtu akifa amali zake hukatika, ila sadaka yenye kuendelea. Akaona basi na maovu nayo huendelea, na madhali sauti yako imo koponi inapiga mayowe, nawe kaburini unaandikiwa. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Leo anajiuliza kama alikuwa akikuhofia wewe, au akihofia maneno ya majirani.

Alipokuwa edani, darsa ya wanawake ilihamia kwenu, Shehe Kificho barazani, wanawake ndani ya pazia. Shehe hataki sauti yake iingie kwenye simu, asema watu huikata vipande wakaitumia watakavyo. Kwa wasioweza kuhudhuria ilitakiwa kanda, na kanda mpya madukani hakuna tena. Mkeo akatazama juu ya kabati.

Kanda zako zote ulizivunja vijino vya nyuma, vile ambavyo vikishatoka redio haikubali kurekodi juu yake. Na ni wewe uliyemfunza mkeo, mmekaa kibandani, kwamba tundu lile likizibwa kwa karatasi redio hukubali. Kwa hiyo asiseme hakujua. Alikata vikaratasi ishirini na viwili, akavikunja, akaziba tundu moja moja, na kila moja akilisomea Bismillahi. Siku aliyotoka eda, kanda zote kumi na moja zilikuwa zimeshakuwa darsa: udhu, funga, haki za jirani. Moyo ukamtulia.

Mwezi uliofuata akaja Dionis.

Alishuka Mkoani, akapanda gari mpaka Wete, mtu mzima mwenye mvi, mpiga ngoma wenu wa Dar. Mbele ya picha yako alifanya ishara ya msalaba, kisha akashtuka, akatuomba radhi. Dada yako Hija akamwambia, "Usijali, kaka. Umemlilia, yatosha."

Alitueleza kwamba nakala zake zilikwenda na mafuriko. "Shemeji, zile kumi na moja alizokuwa nazo Msellem ndizo zilizobaki duniani. Kuna vijana siku hizi wanatuulizia. Nipe wiki moja tu, nitazirudisha kwa mkono wangu."

Mkeo akasema, "Zimeoza. Chumvi ya huku."

Zilikuwa nyuma ya mgongo wake, ndani ya kopo lilelile. Dionis akainamisha kichwa. Halafu akasema, "Pole sana, shemeji. Kumbe umefiwa mara mbili." Mkeo akaipokea ile pole, akaitikia ahsante. Hilo ndilo linalomla mpaka leo, pengine kuliko kanda zenyewe.

Jumatatu moja wanawake walikaa kusikiliza marudio. Upande mmoja wa kanda ni dakika arobaini na tano, na Shehe humaliza kabla. Siku zote mkeo huizima dua ikiisha. Siku ile alikuwa jikoni, mikono imejaa tui. Shehe akaitikiwa amina, pakawa kimya, mara gitaa likalia kama bati linaloburutwa barabarani.

"Yakhe, Shehe kapandwa na pepo?" akasema Bi Moza.

"Shehe wapi! Hiyo mashine ya kukoboa mpunga," akajibu Saada, na wote wakacheka mpaka mitandio ikawaanguka.

Kisha ukaingia wewe, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mkeo alisimama mlangoni, tui likimdondoka, anangoja matusi. Hukutukana. Ulikuwa ukirudia neno moja kwa mayowe: naogopa. Naogopa barabara, naogopa asubuhi, naogopa mama ataniona hivi. Kanda ikaisha hapo.

Hakuna aliyecheka tena. Bi Moza akasema taratibu, "Huyo ni Msellem wetu."

Mkeo hakupata kukusikia ukilisema neno lile, maisha yenu yote. Akaikumbuka siku uliyomwambia "fupi".

Wanawake walipotoka, Khairat akamuuliza, "Mama, si ulimwambia mgeni zimeoza?"

"Mimi ndiye niliyeziozesha, mwanangu."

Alikwenda kwa Shehe Kificho, akamweleza yote. Shehe akasema, "Basi miezi yote hii nimemziba mtu mdomo, wala sikuambiwa." Hakumkemea. Alimwambia, "Uongo uliomwambia mtu, mrudie mtu huyo. Na ulilowaficha watu, waambie watu." Ndiyo sababu ya tangazo hili.

Khairat akapiga simu, mkeo akaishika. "Kaka Dionis, hazikuoza. Nimezirekodia juu."

Dionis akauliza, "Zote?"

"Zote. Imebaki mikia."

Alikuja tena na mashine yake. Tukamfungulia kibanda chako, akakaa humo siku mbili na kopo lako. Alitoka na dakika thelathini na nane. Mkeo akasema hizo ni nini, ni makombo.

"Shemeji," akasema Dionis, "nyimbo zetu zilikuwa za dakika mbili mbili. Humu mna kumi na tatu nzima." Akacheka, nasi tukacheka kwa kumfuata. Kisha uso ukambadilika. "Ila ile aliyomwimbia mama yake, ndefu ile, haimo. Hiyo haiko tena popote."

Mama yako Bi Mwanawema alikuwa amekaa palepale. Alikisogeza kikombe chake cha chai mbele ya mkeo, akamwambia, "Kunywa, kinapoa."

Kwa hiyo tunawaomba na wanaosoma hapa. Kama Msellem alipata kukupa kanda, Dar, Tanga, Makoongwe, popote pale, mtafute binti yake Khairat pale Jadida. Hata ikiwa imekwaruzika. Mama yake Msellem ana miaka themanini na miwili.

Juzi mkeo alilishusha kopo, akavitoa vile vikaratasi ishirini na viwili, kimoja kimoja, kila kimoja kwa astaghfirullahi. Mwanao Jabir akazijaribu kanda zako kwenye redio, akabonyeza kitufe cha kurekodi kwa nguvu. Haikubali. Iliyobaki ni yako, Msellem, hakuna atakayepita juu yake tena.

Mola akusamehe, akupanulie kaburi lako, na hofu yako aigeuze amani.

Unakumbukwa na mama yako Mwanawema, aliyekusikiliza upande mmoja wa kanda mpaka mwisho na akataka urudishwe mwanzo. Dada yako Hija. Wanao Khairat na Jabir. Majirani wa Jadida. Rafiki yako Dionis wa bendi ya Mavi ya Popo, jina ambalo mkeo ameliandika kwa mkono wake mwenyewe. Na mkeo Mwanapili, anayekuomba radhi mbele ya watu.

Hututoki moyoni, leo wala kesho.