Jibu Langu Kuhusu Felisiani na Sikio Langu la Kulia

Elisabethville, mwisho wa mvua

Kwa Yaya Kolotilda, dada yangu mkubwa uliyenilea,

Nakuandikia nikiwa mzima, ukiacha sikio moja, na natumaini huko Sakania mmeamka salama, wewe, shemeji na watoto. Siku hizi askari wa Katanga husimamisha treni kila mara, ndiyo maana barua yako imechelewa kunifikia. Unaniomba nifute mashtaka niliyompelekea daktari mkuu dhidi ya Felisiani, mwuguzi wa zahanati ya mtaa wetu, kwa sababu mama yake ni jirani yako na analia mlangoni pako. Nisikilize kwanza.

Maumivu yalianza kwa mafua. Felisiani alizungusha pamba kwenye kijiti cha kibiriti, akanichokonoa, akanipa aspirini. Niliporudi huku usaha ukinitoka, hakutazama hata ndani. Alisema kwa sauti, mbele ya mstari mzima wa wagonjwa:

"Weye mukubwa unasoma sana. Maneno imejaa mu kichwa, sasa inatafuta mulango ya kutokea."

Wakacheka wote, hata mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Nikarudi nyumbani na aspirini nyingine.

Wiki ile ile nilifanya mtihani wa ukalimani wa mahakama. Kesi husomwa mara moja tu kwa Kifaransa, nawe huitafsiri papo hapo. Msomaji aliketi kulia kwangu. Sentensi tatu hazikunifikia kabisa. Nafasi akapewa mtu niliyemshinda darasani miaka yote.

Baada ya mtihani nilikwenda mwenyewe hospitali, na huko daktari alijifunga taa kwenye paji la uso, akavuta sikio juu na nyuma, akachungulia kwa kifaa kama faneli ndogo. Aliuliza kama naumia nikitafuna, maana jino bovu nalo huumiza sikio. Akabonyeza mfupa wa nyuma ya sikio. Kisha, kwa koleo jembamba, akatoa kipande cha pamba, cheusi, kinachonuka. Kiwambo cha sikio kimetoboka. Nimepigwa sindano za penisilini, na nimeagizwa sikio likae kavu hadi tundu lijifunge lenyewe. Mafuta ya mbarika uliyonitumia, Yaya, yalizidisha ubaya, kwa kuwa yalipita kwenye tundu yakaingia ndani. Usimtie mtoto yeyote mafuta sikioni kabla hajatazamwa. Hilo nalo nimeliandika katika mashtaka, kwani sitaki kushinda kwa kuficha.

Jumapili Felisiani alikuja kwangu, kofia mkononi.

"Kaka, lampe ya dispansere ilikufa tangu vita. Masikio naangaliaka na mwanga ya mulango."

"Mbona hukuniambia kwamba huoni?"

"Mbele ya bantu bote bale?"

"Mbele yao hao ulipata maneno ya kunifanya kichekesho."

Sikumkaribisha kiti.

Utasema taa ya zahanati kuharibika si kosa lake. Nakubali, na sikumshtaki kwa taa. Namshtaki kwa sababu angeweza kusema, "Sioni, nenda hospitali," akaona bora sikio langu lioze kuliko yeye kuaibika. Basi aibu hiyo ataipata mahali pale pale. Nimemwomba daktari mkuu asikilize shauri zahanatini, asubuhi, wagonjwa wakiwa kwenye mstari. Amekubali, ni Alhamisi. Nitasema kwa Kifaransa, kisha nitajitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili ili kila mama aelewe.

Wakimfukuza, najua atarudi Sakania, na wewe ndiye utakayemwona kila siku akikaa bure barazani kwao. Hilo nimelifikiria kwa siku mbili. Sikubadili neno.

Msalimu shemeji, fundi wa reli. Msalimu na shangazi anayeuza samaki Mokambo. Na binti yako wa kwanza, aendelee na Kifaransa chake. Mama yake Felisiani usimpe salamu zangu. Mwambie umeniomba kwa moyo wote, na kwamba aliyekataa ni mimi.

Mdogo wako,
Bonifasi