Valvu ya Gari Ulilotuma

Nyegezi, Mwanza
17 Septemba 1995

Mpendwa mdogo wangu Venant,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Je, Japani mnaendeleaje? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema ni vumbi? Sisi huku tu wazima wa kujikongoja. Shemeji yako Paskazia hajambo, Queen anaota meno na hatulali. Baba magoti yanamsumbua. Mimi mwenyewe nimechoka hoi, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Uliulizia gari. Lilifika zuri, jeupe, majirani wakalizunguka kama bibi harusi. Lakini kule kwenye injini kuna kivalvu cha plastiki kinachoendeshwa na upepo, kazi yake kurudisha moshi kidogo ndani ili usitoke wote nje. Kwa uzee kilipasuka. Tangu hapo, ukiondoa tu mguu kwenye mafuta, injini inazima.

Mafundi wetu unawajua. Magari haya wameanza kuyaona juzijuzi biashara ilipofunguliwa, na kila mpira wasioujua wanauchomoa na kuuziba kwa bolti. Wanasema hivyo vipira ni mambo ya Wajapani, huku nani ana shida na moshi? Na gari linaondoka, basi unalipa na kushukuru.

Katikati ya hayo ikaja habari kutoka Sengerema kwamba Shangazi Teodora amezidiwa. Yeye ndiye aliyekulea mama alipofariki, sina haja ya kukueleza alivyo kwetu. Baba hakula. Alitaka kitu kimoja tu, amwone dada yake angali anamtambua.

Tukaondoka asubuhi na mapema. Kufika Usagara gari likazima, nikaliwasha, likazima tena. Fundi mmoja pale anaitwa Chenge akafungua boneti, akaziba kila mpira aliouona, hata ule mnene. Injini ikatulia vizuri kabisa. Baba akambariki yeye na watoto wake.

Kumbe ule mnene ulikuwa mpira wa upepo unaolainisha breki. Njiani niliona pedali imekuwa ngumu, lakini kivuko hakingoji mtu, nikajisemea nitaangalia tukishafika ng'ambo, Busisi. Pale Kigongo kwenye mteremko wa kuingilia kivukoni nikakanyaga, pedali jiwe. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Nikavuta breki ya mkono, gari likaenda upande, likasimama tairi moja likiwa majini. Venant, nilishindwa hata kufungua mlango.

Baba alifungua wake. Akachukua fimbo yake, akasema heri nusu shari kuliko shari kamili, akatembea mpaka ndani ya kivuko bila kugeuka nyuma. Watu wakanisaidia kulisukuma gari pembeni, nikamkimbilia. Busisi tukapata basi.

Sasa kaa chini, mdogo wangu. Tulimkuta Shangazi bado anasema. Alimshika Baba mkono, wakaongea Kisukuma mambo ya utoto wao, wakacheka. Akauliza huyu aliyekuja naye ni Venant? Baba akamwambia ni Luhende, Venant yuko mbali, ametuletea gari. Shangazi akauliza tena kama Venant yumo humo ndani ya gari. Alifariki Ijumaa ya tarehe mosi, tukamzika Jumamosi. Pole sana. Najua ni mzigo mzito kuupokea peke yako ugenini.

Gari nimelitengeneza. Nilipata valvu ya aina ileile kwenye gari lililopata ajali, nikainyonya kwa mdomo kuhakikisha inashika upepo, nikarudisha kila mpira mahali pake. Breki ni nzuri, injini haizimi. Baba hapandi. Akienda kanisani anatembea, na hayo magoti yake.

Kwa hiyo usihangaike kututumia valvu nyingine.

Paskazia anakupa pole, na Suzana wa Shangazi anakusalimu kwa machozi. Wasalimie wenzako huko.

Jana nilimuuliza Baba nikuandikie nini kutoka kwake. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema, "Mwambie vyuma vimefika. Sasa aje yeye."

Mungu akulinde, akuonyeshe njia ya nyumbani.

Kaka yako akupendaye,
Luhende